Miaka ya Kuvisha Watu Saa Zisizosema Saa

Mgongo wangu ndio ulionistaafisha. Sijafika hamsini, na siku ya kuniaga vijana wa ofisini walicheka waliponiona nakata keki kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kiuno. Miaka yote hiyo nimewapima watu walioumia uti wa mgongo, na sasa mwenyewe siwezi kuinuka kwenye stuli bila kutafuta pa kushika. Daktari alisema ni pikipiki. Mimi nasema ni barabara ya Nkoma, lakini barabara haiandikiwi cheti.

Mliobaki mmeniomba niwaachie maneno machache kuhusu kazi. Kukaa nyumbani kumenishinda. Nikisikia pikipiki inapita nje, nasimama mlangoni kuangalia ni ya nani na inaelekea wapi, kwa hiyo afadhali niandike. Habari za vyeo na mikataba sitaziandika. Zipo kwenye mafaili, na hazichekeshi.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mtu ameanguka, uti wa mgongo umeumia, miguu haisikii. Hospitali wamemfundisha kusukuma kiti mwendo juu ya sakafu ya sementi, wamemsifu, wamemrudisha kwao. Kwao hakuna sementi. Mradi ulitaka kujua huyo mtu, akishafika nyumbani, siku nzima anajongea kiasi gani: anasukuma kiti, au amekaa tu pale walipomwacha asubuhi? Tulikuwa na vifaa viwili. Kimoja kinavaliwa mkononi kama saa, kingine kinafungwa kwenye spoki za gurudumu. Baada ya wiki unavirudia, unavichomeka kwenye kompyuta, na mistari inatokea: mkono ulivyocheza, gurudumu lilivyozunguka. Mkono unapanda na gurudumu linapanda, basi mtu anatembea. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na ni kweli, ila si kweli yote.

Nilianza nikiwa nimeshafanya kazi nyingi ndogondogo. Nina kidato cha nne. Nilikuwa karani wa kupima pamba, nikawa kondakta wa basi la Mwanza, nikauza betri za sola. Kila mahali nilikaa mpaka miguu ikaanza kuniwasha. Kazi hii ilinishika kwa sababu ilinituma barabarani. Na nilikuwa naona aibu kidogo, mtu asiyeweza kutulia kwenda kuwapima watu wasioweza kuondoka.

Aliyenifundisha ni Mama Tabu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwenyeji wa Tanga aliyehamishiwa Bariadi akaja na majiko mawili, mikeka, na Kiswahili chake kilichopigwa pasi. Siku yangu ya kwanza hakunipa kifaa. Alinikalisha kwenye kiti mwendo mbele ya ofisi.

"Haya, nenda sokoni ukaninunulie nyanya."

"Mama, sokoni kuna mtaro."

"Naujua. Mwanangu, utakwenda kuwauliza watu kwa nini hawatoki nyumbani. Kawaulize na wewe umeshauona mtaro."

Sikuuvuka. Muuza mahindi na dereva wa bajaji walinibeba na kiti changu, wakinitania kwamba mpaka juzi nilikuwa nadandia mabasi. Nyanya nilizileta zimepondeka mapajani. Mama Tabu aliziangalia, akasema, "Mchuzi hautaki nyanya nzima."

Kitu cha pili alichonipa kilikuwa kioo kidogo cha mkononi, kile cha kunyolea ndevu. Alisema kabla sijaangalia mstari wowote, nihakikishe kwanza mtu huyo, au ndugu yake, ameangalia ngozi. Mtu ambaye sehemu ya kukalia haisikii hajui kama amekalia kijiwe, au ngozi imechubuka. Kidonda kinaanza kama doa, kinaingia ndani kimyakimya, kinafika mfupani. Tulikuwa na kijana mmoja wa upande wa Lagangabilili, mcheshi sana, mistari yake ilikuwa mizuri kuliko ya wote. Kidonda kilimwondoa duniani kati ya masika na mavuno. Tangu hapo nikipewa mstari mzuri sana, natafuta kioo kwanza.

Watu hawakuviita vifaa kwa majina yetu. Waliviita saa zisizosema saa. Mzee mmoja alificha ya kwake ndani ya ghala la mtama ili isiibwe, na kwa wiki nzima tukapima usingizi wa mtama. Kule Nassa, karibu na ziwa, kulikuwa na mvuvi ambaye mkono wake ulionekana kukimbia kutwa huku gurudumu limelala kabisa. Ofisi kuu walisema kifaa kimeharibika, kibadilishwe. Nikaenda, nikamkuta anashona nyavu. Hakuacha hata kunisalimia. Sindano ilikuwa inaruka. Hapo nilijifunza kwamba mkono ukipanda gurudumu likiwa limesimama, kuna kitu mtu anafanya, na hutakijua mpaka uende ukakione.

Ndiyo maana nilishtuka nilipoona mistari ya Kabula.

Kabula anaishi Nkoma. Alianguka kutoka juu ya lori la pamba, wamekaa juu ya marobota kama kila mtu anavyokaa msimu wa mauzo, lori likaingia shimoni, wengine wakashika kamba na yeye hakushika. Mumewe, Sayi, anakwenda ziwani kutafuta vibarua vya uvuvi na anarudi wakati wa kulima. Kabula alibaki kwenye mji wa Sayi, boma dogo la ukweni, na mji mkubwa wa baba mkwe wake, mzee Luhende, uko ng'ambo ya korongo. Kila asubuhi mzee alivuka korongo kuja kuangalia ng'ombe waliolala kwa Sayi, na jioni alipita tena.

Mistari yake ilikuwa hivi: asubuhi mkono unapanda ghafla, juu kabisa, kisha kimya kidogo, kisha unapanda tena. Jioni vilevile. Gurudumu halijasogea hata unywele. Ofisi kuu walifurahi sana. Walisema huyu mwanamke anajihamisha kutoka kwenye kiti na kurudi mwenyewe, ni mfano kwa wengine, tumpige picha. Mimi nilikuwa na yule kijana wa Lagangabilili kichwani. Nilimwuliza Kabula, nikimwita mayu kama tunavyowaita akina mama.

"Mayu, asubuhi huwa unafanya kazi gani?"

"Nasalimia," akasema.

Nikacheka, nikadhani ananitania. Yeye hakucheka. Akaendelea kuchambua choroko.

Safari iliyofuata nilimchukua Mama Tabu. Alimfunika Kabula kwa khanga ndani ya nyumba, akaangalia kwa kioo. Alipotoka alikuwa anaifuta miwani yake ilhali haikuwa na vumbi.

"Kimeanza," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ngozi imechubuka, na kuna mchanga. Mchanga, mwanangu! Mtu aliyekaa juu ya mto aupate wapi mchanga?"

Tulijibiwa papo hapo. Kikohozi kilisikika langoni, kwenye uwazi wa ua wa minyaa. Kabula alifunga breki za kiti, akaweka ngumi moja chini, akajiachia. Hakushuka, alidondoka, kama gunia linalosukumwa kutoka mgongoni. Akajivuta kwa mikono mpaka miguu yake ikakunjika ubavuni vizuri, akaitengeneza sketi, akainamisha kichwa na kupiga makofi ya taratibu.

"Mwadila, baba."

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu, baba."

Mzee Luhende aliijibu salamu hiyo ya jioni, na kuuliza kama kwema, akiwa ameangalia upande wa zizi. Ninyi mnaotoka mbali mtaona ni dharau. Ni heshima. Baba mkwe hamkodolei macho mkamwana wake. Alipita moja kwa moja kwenda kwa ng'ombe, na mpaka alipogeuka, Kabula alikuwa ameshapambana na kiti, mishipa ya shingo imemtoka, amerudi juu. Mzee hakuwa amewahi kuona jinsi anavyoshuka. Alikuwa anamkuta chini, kama alivyowakuta wakamwana wote maisha yake yote.

Mama Tabu alikuwa ameshika mdomo.

"Kabula mwanangu, kuanzia leo usishuke. Salimia ukiwa juu. Nani atakulaumu?"

Kabula alimwangalia kwa adabu, kisha akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ni Msukuma na nilitakiwa kujua.

"Mwambie mama. Nikikaa juu ya kiti, baba mkwe amesimama, mimi nimetulia kama mwenyekiti wa kijiji, watasema nini? Siendi shamba. Sichoti maji. Kilichobaki ambacho mkamwana anafanya na mimi nakifanya ni hicho. Nikikiacha, watamwambia Sayi aoe anayejua kusalimia, na mimi nitapakiwa kwenye mkokoteni kurudishwa kwetu."

"Na kidonda?" nikauliza.

"Kidonda sikisikii. Maneno nayasikia."

Tulipofika Bariadi Mama Tabu alisema tu, "Watu wako ni wagumu," na mimi nikamjibu kwamba hata wa kwao Tanga wana magumu yao, ila wanayasema vizuri. Hakucheka. Alinipa dawa za kusafishia kidonda na mto mpya, akasema mto hautasaidia kitu ikiwa mtu anaukimbia kila asubuhi na jioni.

Wiki zile sikulala vizuri. Nilikuwa nachomeka vifaa vya watu wengine huku nikiuona mstari wa Kabula ukipanda. Kuna kazi ambazo ukiona hatari unapiga kengele. Hii haikuwa na kengele. Ningemwambia mzee Luhende, "Salamu zako zinamwua mkamwana wako"? Ningekuwa nimemtukana yeye, na nyumba yake, na lawama zote zingemwangukia Kabula. Nikinyamaza, kidonda hakinyamazi. Nilipomgusia Kabula kwamba nafikiria kwenda kwa mzee, alisema, "Ninyi mtaondoka na saa zenu. Mimi nabaki hapa."

Lakini kidonda kiliongezeka, na nikavuka korongo.

Nilimkuta mzee Luhende anamkagua ng'ombe wa kulimia. Tulisalimiana kirefu, mvua, pamba, bei, wajomba. Nikaona shingo ya yule ng'ombe ina kovu.

"Namhala," nikasema, maana ndivyo tunavyowaita wazee, "ng'ombe akipata kidonda cha nira, atakwambia?"

"Ng'ombe mzuri hasemi. Atavuta tu. Yule mvivu ndiye atakayelala chini kabla hajaumia."

"Sasa yule mzuri unamfanyaje?"

"Unamwondolea nira. Unasubiri. Hata kama mvua imeshanyesha na majirani wanalima." Akaendelea kumpapasa ng'ombe shingoni. Halafu bila kunitazama akauliza, "Nira gani hiyo iliyokuvusha korongo, ngosha?"

Jasho lilinitoka, namna ya mtu anayeteremka mlima pikipiki ikiwa haina breki.

"Ni salamu, namhala. Anaposhuka chini. Hasikii anapoumia. Na hawezi kuacha, kwa sababu ni mkamwana mzuri."

Mzee aliinama, akachukua kamba, akamfungua ng'ombe, akaondoka naye kwenda mtoni. Hakuniaga. Kwa mtu wa umri ule kuondoka bila kuaga ni neno kubwa. Nilirudi kwa Kabula nikamwambia nilichofanya, maana hakustahili kukisikia kwa wengine.

"Umeniuza," akasema, akageuza kiti.

Wiki iliyofuata nilifika asubuhi. Kikohozi kilisikika, na Kabula akashika breki. Lakini hakuna aliyeingia. Sauti ya mzee ilitokea nyuma ya minyaa, upande wa nje, mahali ambapo hakuna njia, ikitoa salamu ya asubuhi.

"Kabula! Wangaluka!"

Kabula alibaki mkono hewani.

"Wangaluka, baba."

"Mhola?"

"Mhola duhu, baba."

Kisha tukasikia ndala zake zikizunguka ua mzima, kwenye miiba, kwenda kuingilia upande wa zizi. Asiyeonekana hapigiwi magoti. Nilitaka kuruka kwa furaha. Nikamgeukia Kabula nikamkuta machozi yanamtoka.

"Amenisusa," akasema. "Hataki hata kuniona."

"Mayu, amekuondolea nira."

"Amekwambia hivyo?"

Hakuwa ameniambia. Hakumwambia mtu yeyote. Wazee wetu wakiamua jambo hawalifungii karatasi ya maelezo. Majirani nao walianza: mzee Luhende siku hizi anasalimia majani, kuna nini pale? Kidonda kilikuwa kinafunga, Mama Tabu alikuwa anapiga kigelegele kila akitoa kile kioo, na Kabula alikuwa anakonda. Mstari wake wa mkono ulilala. Ofisi kuu walipiga simu na wasiwasi: yule mwanamke wa mfano amezidiwa? Shughuli zake zimeanguka. Niliwaeleza kwamba amepona. Kijana wa kule akaniuliza mara ya pili kama nimeielewa grafu. Nilisema naielewa. Kusema kweli sikuwa na uhakika na chochote. Ngozi nilikuwa naiona kwa kioo. Kama nilikuwa nimemvunjia mtu nyumba yake, kioo cha kuangalia hilo sikuwa nacho.

Hali hiyo ilikwenda mpaka kiangazi. Sauti nyuma ya minyaa, asubuhi na jioni, bila kukosa. Halafu mzee akaugua, kifua na miguu, na sauti ikakoma.

Siku ya kuvichukua vifaa nilifika kwa Kabula nikakuta uwanja mtupu. Kiti hakipo. Mlango umefungwa kwa kamba. Niliita, wakajibu kuku. Kabula hakuwa mtu wa kutoka mwenyewe. Njia ile ni mchanga, na kuna korongo. Nikaangalia chini nikaona alama za magurudumu mawili zimetoka langoni.

Nilizifuata kwa miguu. Miaka yote nimesoma mistari kwenye kioo cha kompyuta, siku ile niliisoma ardhini. Hapa amesukuma sawasawa. Hapa amezama, mchanga umechimbwa pande zote mbili, amerudi nyuma, amejaribu pembeni. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu na kuomba nisikione, alama pana ya mwili uliojiburuta. Kwenye korongo kulikuwa na mawe, alama zikapotea. Niliteremka nikiangalia kila kichaka. Nikaita. Mgongo ulikuwa umeshaanza kuniuma siku zile, lakini nilipanda upande wa pili kama mbuzi. Juu kulikuwa na nyayo za watu wawili waliovaa makubazi, na katikati yao magurudumu. Wamembeba kuvuka, wakamwacha. Kutoka pale alama zilikuwa za kwake peke yake mpaka kwa mzee Luhende.

Mzee alikuwa amelazwa nje juani, juu ya ngozi ya ng'ombe, amefunikwa blanketi. Wanawake wa nyumba ile walikuwa wamesimama jikoni wanaangalia, hakuna anayesogea. Kabula alikuwa amefika mbele yake, anahema, nguo imelowa jasho. Sasa alikuwa juu na mzee chini, jambo ambalo halijapata kutokea. Nilimwona anafunga breki. Nilimwona anaikunja ngumi na kuipeleka ardhini. Nilitaka kupiga kelele, lakini mzee alinitangulia.

"Kabula," mzee akasema.

"Baba."

"Kaa hapo hapo juu. Shingo yangu haigeuki. Nikuone."

Na akamwangalia. Baba mkwe, mbele ya watu, alimwangalia mkamwana wake usoni, muda mrefu, bila kugeukia zizi. Kabula alirudisha mkono mapajani. Akainamisha kichwa, akapiga makofi taratibu akiwa palepale kwenye kiti.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu," akasema mzee. Kisha akawaambia wale wa jikoni kwa sauti ndogo lakini kavu, "Mnasimama nini? Mgeni amekuja kwa miguu yake, mpeni maji."

Mmoja wao alicheka kwanza, halafu wote wakacheka, na Kabula akacheka akijifuta uso kwa kiganja. Maji yaliletwa. Mimi nilikwenda nyuma ya ghala nikakaa chini, nikasema ni mgongo.

Vifaa vya wiki ile nilivichomeka mwenyewe. Ofisi kuu wana utaratibu wa kusafisha data, na ninyi mmeshafundishwa: mkono ukicheza kidogokidogo wakati gurudumu limesimama, futa, ni hitilafu. Fungueni faili la Kabula la kiangazi kile. Mtaona gurudumu limepanda, limesimama, limepanda tena, njia ndefu kuliko zote alizowahi kwenda. Halafu linasimama kabisa, na mkononi pana vijistari vifupi vinavyofanana, vimepangana taratibu, havifiki popote.

Hivyo msivifute. Ni makofi.